Chai ya Saa Kumi Mbele ya Watu

Tango likikatwa, mimi hutoka jikoni. Wanangu wameshazoea, wanadhani ni mzio. Mwaka huu tulipomzika mama sikupata pa kutokea. Wanawake wa jumuiya walikaa uani kwangu na mabeseni yao, wakakata kachumbari ya kulisha msiba mzima, na harufu ya tango bichi ikaingia mpaka chumbani nilikokuwa nimekalishwa kwenye godoro. Waliokuja kunipa pole waliona machozi, wakaniambia nijikaze. Nilijikaza. Lakini kusema kweli wakati ule nilikuwa nalilia jambo la siku nyingi, na kama wangelijua wangenishangaa, maana lilihusu chakula tu.

Nyie mliokulia Mpanda mnaijua Ilembo ilivyokuwa: nyumba tatu, shamba la mahindi, nyumba mbili, shamba la mihogo, halafu kanisa. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule huko, watu watatu. Mama, mimi, na nyokuru, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kirundi chetu. Alikuwa mama mzazi wa mama. Baba aliteremka Karema kufuata dagaa kabla sijaanza shule, akasema anarudi mwezi ukiisha. Ukaisha. Ikaisha na mingine, na nyumbani jina lake likaacha kutajwa bila mtu yeyote kutangaza kwamba liachwe. Sikumbuki kama niliumia. Nakumbuka tu kwamba kiti chake alikichukua nyokuru.

Kwetu chakula kilikuwa jambo la ndani. Ugali ukiiva, nyokuru alishusha pazia la mlango, akahakikisha dirisha limefungwa, ndipo akafunua sufuria. Mtu akipiga hodi tukiwa tunakula, sahani ziliingia kwanza chini ya kitanda, midomo ikafutwa, ndipo akaitikiwa. Huo haukuwa uchoyo. Mgeni huyohuyo angepakuliwa chake na kuachwa peke yake chumbani, ale kwa amani pasipo mtu wa kumhesabia matonge. Ilikuwa heshima, basi. Mtu mzima haonekani akitafuna. Siku moja nyokuru alinikamata natoka shule nakula muwa barabarani, na fimbo niliyopata haikuwa ya muwa, ilikuwa ya barabara. Alisema anayekulia nje ni mgonjwa aliyetolewa apate hewa, au kichaa wa sokoni, na akaniuliza mimi ni yupi kati ya hao.

Majirani zetu Wasukuma na Wafipa walitushangaa. Wao walikula barazani, wakamkaribisha kila apitaye. Watoto wao walinitania kwamba watu wa kwetu tunakula kama tumeiba. Nami niliwaonea huruma kwa kukosa malezi.

Mama alikuwa mpishi wa Mama Nyuki. Huyu alikuwa mama wa Kiingereza, mzee, mrefu, magoti yakimsumbua, aliyekuja kuwafundisha warina asali wa huku kwetu kutumia mizinga ya kisasa. Jina lake halisi lilikuwa gumu na watu hawakujisumbua nalo. Nyumba yake ilitazamana na bomba la maji la mtaa, na ua wake wa minyaa aliagiza ukatwe uwe wa kufika kiunoni, eti anapenda kuona watu wakipita. Ndiyo kusema sisi tuliokaa foleni na ndoo zetu tulimwona na yeye, kila siku, na hasa saa kumi.

Saa kumi kamili ilitoka meza ndogo na viti viwili chini ya mjohoro. Ikatandikwa kitambaa cheupe. Likaja birika la kauri lililovishwa kofia ya sufu kama mtoto mchanga, maziwa kando kwenye kijagi chake, kikombe juu ya kisahani, halafu sahani ya mikate. Na mikate yenyewe sasa! Vipande vyembamba vya kuona upande wa pili, vimepakwa siagi, katikati kuna tango lililokatwa jembamba vilevile, vimegawanywa pembetatu, na maganda ya pembeni yote yameondolewa. Nyuma yake keki kidogo, au skonzi ambazo hazikuwa zile za dukani. Zilikuwa kavukavu, zikavunjwa na kupakwa asali. Mama Nyuki alikaa pale peke yake, mbele ya mtaa mzima, akatafuna polepole na kutupungia mkono.

Sasa mimi nilikuwa mtoto wa kujumlisha mambo. Nyokuru alikuwa na vidonge vya presha, na nesi alimwambia avimeze saa ileile kila siku, atangulize kitu kidogo tumboni. Mama Nyuki alikula saa ileile kila siku. Chakula chenyewe hakikuweza kumshibisha kifaranga, na sehemu ngumu zilikuwa zimetolewa. Tena alikulia nje, kwenye upepo. Nikakata shauri kwamba ni mgonjwa sana na ile ni dozi. Nilimwonea huruma ya dhati. Nikiwa kwenye foleni nilimpa mgongo nisimwaibishe, na mara moja nilijaribu kuwageuza na wenzangu, wakanizomea. Nilipomuuliza mama anaumwa nini, alisema haumwi kitu, ndivyo wanavyokula kwao. Sikumwamini. Watu wazima huficha magonjwa, hilo nililijua.

Mama hakuwa mwongeaji, lakini kazi aliijua. Oveni haikuwepo. Keki alioka ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, na alijua imeiva kwa kunusa. Kabla ya kuweka majani ya chai alijaza birika maji ya moto ili lipate joto, akayamwaga yote, akaanza upya. Nyokuru aliposimuliwa hilo alisema huko ni kuchezea kuni. Krimu ya kupaka kwenye skonzi haikupatikana Mpanda nzima, kwa hiyo mama alikusanya utando wa maziwa siku mbili tatu, akaupiga kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni alirudi na yale maganda ya mkate kwenye mfuko wa nailoni. Tuliyala ndani, pazia limeshuka, na nyokuru alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Kile kiti cha pili chini ya mjohoro kilikuwa cha mama. Mama Nyuki alikitoa kila siku, akamwita akae wanywe wote, na kila siku mama alijibu kwamba ameacha kitu motoni. Miaka mitatu kitu kilikuwa motoni.

Halafu Mama Nyuki akatangaza kwamba anarudi kwao. Magoti yamemshinda, na binti yake anamwita. Nyumba ile ingerudishwa kwa mwenyewe, na kazi ya mama ingekwisha siku hiyohiyo. Mama alinieleza mambo hayo jikoni kwa sauti aliyoitumia kwa watu wazima, nikajisikia mkubwa. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni Sibwesa, kwa mjomba, tukalime sote. Ya pili ni kambi moja ya watalii ndani ya mbuga, kule kwenye viboko. Kambi hiyo ilitafuta mpishi wa chai, kwa sababu wageni wake, kabla ya kupanda gari la jioni kwenda kutazama wanyama, walitaka chai ya saa kumi kama ya Waingereza wa zamani. Mama Nyuki alikuwa ameshapiga simu. Meneja angekuja Jumamosi, anywe chai ya mama, kisha aseme ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, mama angekaa kambini na kuja likizo, mimi ningebaki Ilembo na nyokuru na shule yangu. Akisema hapana, tunafunga mizigo.

"Jembe nililishika nikiwa na miaka sita," mama aliniambia. "Sitaki ulishike wewe."

Nyokuru yeye alitaka Sibwesa, na hakuficha. Alisema mjini tumekuwa watu wa ajabu, kwamba mwanamke kwenda kulala mbugani kupikia watu wasiomjua ni kutafuta balaa, na kwamba ardhi haijawahi kumfukuza mtu kazini. Mama alinoa kisu kwenye jiwe.

Wiki ile nzima alifanya mazoezi nyumbani usiku na mchana, namaanisha kila alipopata nafasi. Alikata mkate akaupima kwa macho, ukiwa mnene akaniita nile. Nilinenepa wiki ile. Alijifunza kubeba sinia bila vikombe kugongana, akizunguka sebule yetu iliyokuwa na hatua nne kwenda na nne kurudi. Nilimsikia akisema peke yake kwa Kiingereza maneno aliyofundishwa, karibu, tafadhali, sukari moja au mbili, akiyarudia mpaka yakakaa sawa mdomoni. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akitaka kitu. Baba alipoondoka hakusema kitu, tulipohamia mjini hakusema kitu. Hiki alikitaka, na mimi nikaanza kukitaka kwa niaba yake.

Jumamosi alinichukua nikaoshe vikombe. Alivaa gauni lake la kitenge la kanisani, juu yake aproni nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili. Kanga aliyokuja amejitanda aliitundika kwenye msumari wa mlango wa jiko. Mimi nikakalishwa kwenye ngazi na kuambiwa nisiinuke mpaka niitwe.

Meneja alikuwa mwanamke, Madam Upendo, mtu wa Arusha. Alivaa suruali ya kaki na alikuwa mcheshi, anacheka na kila mtu, hata mimi alinipa mkono. Lakini alipokaa mezani, kwenye kiti cha tatu kilichotolewa ndani kwa ajili yake, macho yalibadilika. Alinusa chai kabla ya kuinywa. Alifunua kipande cha mkate akaangalia siagi imefika pembeni au imeishia katikati. Aligeuza keki akatazama chini kama imeungua. Mama alisimama hatua moja nyuma, mikono mgongoni, akijibu kila alichoulizwa. Mama Nyuki alikuwa akila kwa furaha na kusifia kila kitu, mpaka nikaona anazidisha. Baada ya kikombe cha pili Madam Upendo aliegemea kiti akasema chai hii hata Arusha hajainywa, nikadhani yameisha.

Kumbe lilikuwa limebaki moja. Alieleza kwamba kule kambini wageni hawapendi mpishi asimame nyuma yao kama askari. Wanataka akae nao mezani, anywe nao, ale nao, awaambie asali hii imerinwa wapi na nani. Ndiyo kazi yenyewe, alisema. Kupika ni nusu. Wapishi wawili waliomtangulia mama walijua kupika, wakashindwa kukaa, akawaacha. Kisha akavuta kile kiti cha pili.

"Kaa, Mama Devota," alisema. "Kula na sisi."

Nyie fikirieni saa kumi na nusu ya Jumamosi bombani. Mtaa mzima ulikuwa pale. Wanafunzi wenzangu walikuwepo, mama mwenye nyumba wetu alikuwepo, na mbele kabisa, ndoo yake ikiwa chini ya koki, alikuwepo Mama Yuvenali, mtu wa kwetu kabisa, aliyekuwa akija kila jioni kuongea Kirundi na nyokuru. Ua ulifika kiunoni. Hakukuwa na pa kujificha.

Mama alisema ameacha kitu motoni. Madam Upendo akatabasamu, akasema kitaungua basi, akaendelea kushika mgongo wa kiti. Mama Nyuki, ambaye miaka mitatu aliona kiti kile kikikataliwa, alitazama ndani ya kikombe chake. Mama hakusogea mbele wala nyuma. Nikajua kwamba asipokaa, ni Sibwesa, na akikaa, Mama Yuvenali atamwona akitafuna na nyokuru atajua kabla jua halijazama. Hakuna aliyenieleza hilo, nililiona lote kwa mara moja.

Nami nikaona njia ya tatu. Niliichukua ile kanga kwenye msumari, nikakimbia mpaka kati ya meza na ua, nikainyoosha kwa mikono yote miwili juu ya kichwa changu, nikiwapa mgongo watu wa bombani. Nikamwambia mama kwa Kirundi akae haraka, ale haraka, hawamwoni.

Nilijiona nina akili kuliko wote. Mpaka leo naweza kuuhisi ule upepo ukiivuta kanga na mimi nikikaza mikono. Kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba kabla yangu bombani hakukuwa na mtu aliyekuwa akitutazama. Walishamzoea Mama Nyuki na chai yake, walikuwa kwenye umbea wao. Mtoto alipotokea mbio na kusimamisha kanga bustanini, wote waligeuka. Nyuma yangu nikasikia maji yakimwagika kwenye ndoo iliyojaa na isiyoondolewa, kisha kicheko. Mama Nyuki aliniambia kwa Kiswahili chake kwamba asante, lakini haoni upepo mkali. Madam Upendo alinitazama mimi, akamtazama mama, na nikaona ameelewa kitu, ijapokuwa sijui alielewa kipi.

"Devota," mama alisema. "Shusha hiyo kanga."

Nikamwambia watamwona.

"Waache waone."

Nikaishusha. Mama akavuta kiti mwenyewe, akakigeuza kidogo, na siyo kuelekea nyumba. Alikigeuza kikatazamana na barabara. Akakaa. Akachukua pembetatu moja ya mkate wa tango, akaiuma katikati, na lile tango likalia. Akatafuna. Hakujificha kwa kiganja, hakuinamisha uso, alitafuna kama mtu anayetafuna, taya zikienda na kurudi, akameza, akauma tena. Siagi ilibaki pembeni ya mdomo. Kisha akaanza kueleza kwamba asali hii ni ya miombo ikichanua, kwamba aliyeirina ni mzee mmoja anayepanda mti bila kamba, na sauti yake ilikuwa imetulia. Madam Upendo akauliza maswali, mama akajibu, akanywa chai, akajibu. Mimi peke yangu, kutoka pale niliposimama, niliona mkono wake wa kushoto chini ya meza ulivyoikamata aproni.

Ningependa kuandika kwamba nilijivunia. Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na haikuwa aibu ya kuchekwa kwa sababu ya kanga. Ilikuwa aibu ya mama. Kwa dakika zile nilitamani awe mama wa mtu mwingine. Harufu ya tango ilikuwa mikononi mwangu kwa sababu asubuhi ndimi niliyeyamenya matango, nikaipangusa kwenye sketi na haikutoka.

Madam Upendo alimpa mama mkono na kumwambia gari litampitia Jumatatu.

Njia ya kurudi mama alitembea mwepesi. Hakunigombeza kuhusu kanga, wala hakuitaja. Alisema nitasoma mpaka mwisho, mpaka nichoke mwenyewe, na akaimba kidogo wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, jambo nisilolizoea kwake. Nilimfuata hatua kadhaa nyuma. Aliniuliza mbona natembea kama kobe, nikasema kiatu kinabana.

Mama Yuvenali alikuwa ametutangulia. Tulikutana naye akitoka kwetu, akatusalimia vizuri sana.

Nyokuru alikuwa amepika mapema, ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, chakula mama alichokipenda. Pazia lilikuwa limeshuka na jua bado lipo. Nje ya mlango, pembeni ya njia wanapopita watu, kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda sahani imepakuliwa na kufunikwa vizuri, na birika la kunawia mikono. Sahani ilikuwa imejazwa, hakuipunja. Nyokuru hakutoka. Alisema akiwa ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Aliyejua kula nje, chakula chake kiko nje."

Mama alisimama akakitazama kile kigoda. Chumba kile alikilipia yeye, na ule unga aliununua yeye. Angeweza kubeba sahani akaingia, hakuna ambaye angemzuia. Nilidhani ataingia. Badala yake aliketi chini kwenye kizingiti, akanawa mikono, akafunua sahani, akaanza kula. Watu walipita wakitoka mashambani. Walimsalimia, naye akawajibu wote, mwingine akamjibu tonge likiwa mdomoni. Jirani mmoja wa Kisukuma hata alimkaribia akasema leo mmetoka, akamega tonge moja akaenda zake akicheka.

Kisha mama akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, upindo wa pazia mkononi. Kwa ndani nilimwona nyokuru ameelekea ukutani, sahani yake mbele yake, na ya kwangu pembeni.

"Devota, njoo tule."

Hakuniamuru. Aliniomba, na sauti yake haikuwa imetulia kama ilivyokuwa kwa Madam Upendo. Alisogea kidogo kwenye kizingiti ili nipate nafasi.

"Nimeshiba, mama," nikasema.

Nikaingia ndani, nikashusha pazia nyuma yangu, nikakaa na nyokuru, nikala. Nilikuwa na njaa, nilikula mpaka nikakomba. Pazia lenyewe lilikuwa kitenge kilichochakaa, na mama alikuwa upande wa pili wake, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mguu ningemgusa mgongo. Alisikia kila tonge. Alipomaliza aliosha sahani yake, akaingia, akaanza kupanga nguo zake za safari.

Jumatatu gari lilikuja. Alifanya kazi kule mpaka nikamaliza chuo cha ualimu, na sare zangu zote, na madaftari, na nauli, vilitoka kwenye meza ile ya saa kumi. Alipokuja likizo alikula ndani na sisi, pazia limeshuka, na nyokuru alimpakulia vizuri mpaka siku aliyofariki. Wale wawili walimaliza mambo yao kwa namna yao, sijui lini. Mimi sikumaliza ya kwangu. Siyo kwamba nililisahau. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tayari, nikawa nasubiri siku nzuri, kila likizo nikasema likizo ijayo, akastaafu, akahamia kwangu, tukawa tunaonana asubuhi na jioni, na nikaendelea kusubiri siku nzuri. Nilijiambia kwamba lilikuwa jambo dogo la mtoto mdogo, na kwamba bila shaka yeye alishalisahau kitambo.

Mwaka huu alilazwa. Wiki ya mwisho hakuweza kushika kijiko, kwa hiyo kila mchana nilimpelekea uji wa ulezi wodini, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikamlisha. Kulikuwa na vitanda vingine vinane mle, na ndugu zao, na watu wakiingia na kutoka. Siku moja, kabla sijafungua chupa ya uji, aliniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, sijaweka kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Nimeshiba, mama," nikasema.

Akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, na uso wake uliokuwa umekwisha ukawa na kitu karibu na kicheko.

"Wewe na kushiba kwako," akasema, akafungua mdomo nimlishe.